Namba Sita na Kitanda cha Kocha

Ukitaka kuanzisha ugomvi kati ya watu waliowahi kulala kile chumba chetu cha Satwa, Dubai, usijisumbue na siasa wala dini. Uliza tu, "Hivi yule Namba Sita, mlimlipa sawasawa au mlipigwa?" Kisha kaa pembeni unywe chai yako. Nimewaona watu wazima, wenye wake na mvi, wakivunjiana heshima kwa swali hilo. Na katikati ya ugomvi huo, hata kama hayupo, yupo Kocha.

Nasema Kocha kwa sababu hatukumwita vingine. Jina alikuwa nalo, bila shaka, lilikuwa ndani ya pasipoti aliyoishika kafeel wake, yule mdhamini wake wa kazi, na sisi hatukulihitaji. Kazi yake alikuwa fundi cherehani, akishona mapazia kwenye duka moja nyuma ya magereji. Kwao Unguja, na hilo alihakikisha hulisahau. Na mpira? Hapo sasa. Hakuna kati yetu aliyewahi kumwona akiupiga. Mpira ukimjia pale pembeni alipokuwa anasimama, aliupisha kwa adabu, kama unavyompisha mama mtu mzima mlangoni. Lakini alikuwa na filimbi. Katika timu ya walinzi, wapishi wa hoteli na wauza duka, kila mmoja na zamu yake na uchovu wake, mwenye filimbi ndiye kocha. Hakuna aliyempigia kura.

Mimi wakati huo nilikuwa nauza manukato kwenye duka moja la mtaa wa Al Mankhool, kijana wa Mombasa niliyejiona najua kila kitu. Kocha alinitazama nikicheza mara moja tu, akaniita Akiba. Nilidhani ni kwa Ijumaa ile. Jina likanikaa, na benchi pia.

Alikuwa na sarufi yake peke yake. Timu ikishinda, "Tumeshinda." Timu ikifungwa, "Mmefungwa." Hakukosea hata siku moja. Siku ya kwanza tuliyotoka sare sote tulisogea karibu, tukitaka kusikia atasemaje. Akafikiri. Akafunga kifuniko cha chupa yake ya kahawa, akakaza vizuri. "Mie nimetoka sare," akasema. "Nyinyi sijui."

Hiyo chupa nayo ina mambo yake. Kila Ijumaa alikuja nayo Al Quoz, kwenye kile kiwanja cha mchanga kati ya maghala na nyumba za wafanyakazi, imejaa kahawa ya tangawizi inayonukia mpaka kwa timu pinzani. Miaka yote niliyomjua hakuwahi kummiminia mtu. Ukimkodolea macho anakwambia, "Hii dawa." Dawa ya nini? "Ya wanaouliza." Mtu mchoyo kiasi hicho, halafu jezi zote alizishona yeye, kwa mkono wake, bila kudai chochote. Lakini usikimbilie kumsifu. Alizishona kwa kitambaa cha mapazia kilichobaki dukani, kile kizito chenye maua ya kahawia, kinachotengenezwa makusudi kuzuia jua lisipite. Jua lilikuwa halipiti kweli. Wala jasho halikutoka. Jamaa wa timu nyingine walituita Mapazia, na jina hilo likatushinda nguvu hata sisi wenyewe tukaanza kuliitikia.

Filimbi ndiyo ilikuwa balaa. Mazoezini alikuwa na sheria moja: akipiga, kila mtu asimame pale pale alipo, mguu uliokuwa juu ubaki juu, ili aje akuoneshe ulipokosea. Kuoneshwa kwenyewe kulikuwa hotuba. Baada ya miezi michache tulizoea, yaani tuliacha kusimama. Yeye anapiga, sisi tunaendelea, naye anaita, "Haya, hewala, yalla, endeleeni," kana kwamba ndicho alichokusudia. Shida ni kwamba hata kwenye mechi za kweli alikuwa akipiga. Akiona beki amezubaa, prrr. Akiona mawingu, prrr. Mwanzoni timu zote mbili zilikuwa zinasimama na refa, dereva mmoja wa Kisudani wa basi la kampuni, anageuka huku na huku akimtafuta aliyemwibia kazi. Refa alimwonya mpaka akachoka. Mwishowe timu pinzani nazo zilijifunza kuwa filimbi ya Mapazia ni upepo tu, na mpira ukawa unaendelea.

Sasa nije kwenye hili la usajili.

Timu ya Mankhool ilikuwa ya watu wa mahoteli. Walikuwa na jezi za dukani, maji ya baridi kwenye boksi la barafu, na mchezaji wao akifunga bao anapelekewa sahani ya biriani iliyobaki jikoni. Kocha aliwachukia kutoka ndani ya moyo. Walikuwa wametufunga kila walipokutana nasi, na alipokuwa akifunga mapazia ya watu dukani alikuwa anasema peke yake, "Siku moja tu. Siku moja tu." Kuhusu wao kununua watu kwa biriani alikuwa na hotuba maalumu. "Mie sinunui mtu," alisema, kidole juu. "Anayetaka kulishwa amwendee mamake."

Basi jioni moja Golikipa wetu, Mkenya wa Nakuru aliyekuwa akibeba mizigo ya wageni hotelini, aliingia chumbani hata viatu hajavua. "Kocha, unajua ile namba sita ya Mankhool? Wameiachilia. Wamekosana. Jamaa ako free."

"Nani kasema?"

"Nimeongea na yeye mwenyewe. Ako free kabisa."

Kocha aliweka sindano chini. Yule Namba Sita alikuwa mtu wa Kakamega, mlinzi wa jengo moja la ofisi, na alicheza pale mbele ya mabeki kama mtu anayelinda geti: hupiti. Mara zote tulizofungwa na Mankhool, alikuwa ni yeye aliyetunyima hata pumzi. Kocha akavaa kofia yake, akatoka. Mpaka isha inaswaliwa, kila mwenye duka Satwa, kila kinyozi, kila Mpakistani wa mikate alikuwa ameshaambiwa: "Tumemchukua Namba Sita wa Mankhool. Na tumempata bure."

Keshokutwa yake Namba Sita mwenyewe akaja, na begi. Akasimama mlangoni akakiangalia chumba, vitanda vya deka kila ukuta, nguo zinaning'inia, sufuria ya maharage juu ya jiko.

"Habari yako, mzee," akasema.

Kocha alikuwa anasubiri shikamoo. Alipoona haiji, akameza mate. "Nzuri. Karibu Mapazia."

"Asante. Sasa, mnanipatia nini?"

"Tunakupa timu."

"Timu naweza pata popote. Nauliza mnanipatia nini."

"Si umesema mwenyewe uko bure?"

Namba Sita akamtazama Golikipa, akamrudia Kocha. "Mzee, mimi sikusema bure. Nilisema niko free. Yaani sina timu, hakuna mtu ananifunga. Sasa hiyo bure imeingilia wapi?"

"Anakusudia yuko huru," nikasema, nikidhani nasaidia.

"Wewe Akiba, kaa akiba," Kocha akanijibu.

Mpaka leo najiuliza ni watu gani wengine duniani wangeweza kukosana kwa namna hiyo. Mkenya kasema neno moja la Kizungu, Mzanzibari kalisikia kwa Kiswahili chake, na Satwa nzima imeshatangaziwa.

Namba Sita alikuwa na masharti mawili. La kwanza, yeye kupika hapiki, zamu yake wagawane wengine. Hilo tulinung'unika tukalimeza. La pili akalionesha kwa kidevu. "Nataka kile kitanda."

Kilikuwa cha chini, chini kabisa ya AC, mahali ambapo hewa inashuka mpaka unajifunika blanketi mwezi wa saba, Dubai inapoungua kwa joto. Kila aliyewahi kulala kile chumba alikitamani. Kilikuwa cha Kocha. Alikuwa nacho toka kabla yetu sote, na ukikaribia hata kukaa tu alikuwa anakukunjia suruali akuoneshe magoti: yamevimba, na daktari, alisema, amemkataza ngazi ya aina yoyote. Tukacheka kimoyomoyo. Tukajua sasa huyu mgeni atarudi na begi lake.

Kocha alikitazama kitanda. Akaitazama miguu ya Namba Sita. Nadhani aliwaona pia wale wenye maduka wote aliowatangazia. "Khalas," akasema, na akaanza kuvuta shuka lake mwenyewe. Msala, kikoi, redio, chupa ya kahawa, vyote vikapanda juu. Kisha akapanda yeye. Sitasahau kupanda kule. Palikuwa na kituo katikati ya ngazi ambapo alipumzika ameshika chuma, makalio nje, kofia imepinda, na sisi tumesimama chini tusijue tumsukume au tuangalie pembeni.

"Mzee," Golikipa akasema, "umepigwa."

Kocha hakugeuka, asingeweza. Alijibu akiwa ameuelekea ukuta. "Mankhool wakitufunga tena na huyu akiwa wetu, filimbi yako wewe. Mashahidi wote mmo humu."

Ndiyo hivyo ikawa. Kila Ijumaa tuliyocheza baada ya hapo, Kocha alikuwa ameiweka rehani filimbi yake, na sisi sote tulijua.

Sitasema Namba Sita hakuwa mchezaji. Wiki za mwanzo alitufanya tuonekane timu. Lakini mtu akilipwa kitanda anapimwa kwa kitanda. Chumbani ilizuka lugha nzima. Akipiga pasi mbovu, "Hiyo ni ya kitanda cha juu." Akinyang'anya mpira vizuri, "Haya, leo amelipia godoro." Akichelewa kuja uwanjani, "Mto tu huo, mto." Na alichelewa sana. Hapiki, hewa baridi, analala kama mtoto wa tajiri. Tumbo likaanza kuja mbele. Tukimlalamikia Kocha anasema, "Anatunza nguvu." Golikipa anamjibu, "Anazitunzia nani, mzee?"

Juu huko mambo hayakuwa mazuri. Alfajiri, kabla hatujaamka, tulisikia Kocha anashuka kwenda msikitini: mguu mmoja, kimya, mguu wa pili, bismillahi, kimya kirefu. Usiku alikuwa anageukageuka kwa maumivu, na chuma kinalia. Siku moja Namba Sita, amelala chali kwenye ubaridi wake, akagonga ubao wa juu kwa kidole. "Mzee, unageuka sana. Mtu anashindwa kulala."

Nilitarajia vita. Kocha akasema, "Samahani, baba." Samahani, baba! Mtu aliyenitoa mazoezini siku moja kwa sababu nilipiga chafya alipokuwa anahutubia.

Jambo moja tulilomcheka Namba Sita kuliko yote lilikuwa la mazoezini. Filimbi ikilia, sisi tunaendelea na hamsini zetu, yeye anasimama. Anasimama wima, mpira chini ya unyayo, anamtazama Kocha, anangoja kuambiwa. Tulisema anajipendekeza, analinda kitanda. Golikipa alikuwa akimwigiza chumbani, anaganda katikati ya kufunua sufuria, mwiko hewani, tunaanguka kwa kicheko. Kocha naye alikuwa anatutazama tu kutoka kule juu.

Mankhool tulikutana nao fainali ya kombe la kile kiwanja. Watu walikuja mpaka wa magereji, na mikono yao ya grisi. Sisi na mapazia yetu, wao na barafu lao. Nami benchi, nimekaa karibu na Kocha kiasi cha kusikia harufu ya tangawizi. Alikuwa ameishika filimbi kwenye kiganja, haachii.

Namba Sita siku hiyo alicheza, jamani. Nasema hivi mimi ambaye sikumpenda. Watu aliocheza nao zamani aliwajua mpaka wanavyopumua, akawakatia njia zote. Tulikuwa sare, bao moja kwa bao moja, na mechi inakaribia kuisha. Ndipo alipomnyang'anya mpira mshambuliaji wao karibu kabisa na goli letu, akainua kichwa, akaona nafasi mbele, akaanza kuondoka nao. Nyuma yake pakabaki wazi kama uwanja wa sala. Nikamwona Kocha anajaza mashavu.

"Kocha, usi..." nikasema.

Prrr.

Namba Sita akasimama. Wima, unyayo juu ya mpira, uso umegeukia kwetu, anangoja kuambiwa. Ishirini na mmoja waliobaki hakuna aliyeijali. Yule mshambuliaji wa Mankhool akaja taratibu, bila hata haraka, akauchomoa mpira chini ya mguu wake, akampiga chenga Golikipa, akaweka ndani. Refa akaonesha katikati.

Golikipa alimfuata refa mbio. "Na filimbi je? Filimbi imepigwa!" Refa akamfungulia kiganja, akamwonesha ya kwake ilikuwa mkononi. Kisha akamnyooshea kidole Kocha.

Filimbi ilikuwa bado mdomoni mwake. Akaitoa, akaipangusa kwa shati. Timu nzima ilimkusanyikia, na kila mmoja alikuwa anangoja sarufi.

"Mmefungwa," akasema.

Golikipa akafungua mkono. Kocha akaivua ile kamba shingoni, ikakwama kwenye kofia, akahangaika nayo mpaka Golikipa mwenyewe akalazimika kumsaidia. Akachukua chupa yake akaenda kusimama kituo cha basi, peke yake, juani.

Mabishano yalianza jioni ile na hayajaisha. Wengi walisema tulipigwa, tena mchana kweupe: mchezaji gani mwenye akili anasimama na mpira miguuni kwa filimbi ya fundi cherehani? Kitanda kile chote, na AC yote ile, kwa mtu asiyejua refa ni nani? Wachache walisema kosa si la kitanda, ni la aliye juu ya kitanda. Namba Sita mwenyewe alisema neno moja tu, "Nilisikia filimbi," akavuta blanketi. Kocha hakubishana. Golikipa, alipokwishakuwa kocha, alimwambia mbele yetu, "Mzee, rudi chini. Huyu apande." Kocha akamjibu, "Timu umechukua. Kitanda nilimpa mie." Na akaendelea kupanda na kushuka, na magoti yake, mpaka nilipohama.

Miaka ikapita. Nilipata kazi ya stoo Al Quoz, nikalala huko huko kwenye nyumba za kampuni. Siku moja nikasikia ile nyumba yetu ya Satwa wapangaji wameambiwa watoke, nikaenda kuchukua sanduku nililoliacha. Mlango ulikuwa wazi. Chumba kilikuwa kitupu, vitanda vyote vimeuzwa, kimebaki kimoja, kile cha chini ya AC. AC inavuma. Kitanda cha chini kimetandikwa shuka safi, hakuna mtu. Juu, chupa ya kahawa kando yake, amelala Kocha.

"Shikamoo, Kocha."

"Marahaba, Akiba. Umenenepa."

"Namba Sita yuko wapi?"

"Alipata kazi Abu Dhabi. Zamani hizo."

"Sasa mbona hushuki hapa chini?"

"Nshazoea."

Uongo mtupu. Alikuwa amelishika goti moja kwa mikono miwili wakati anasema hivyo. Uchungu ulinishika, na hasira pia, maana huwezi kumwonea huruma mtu kama yule bila yeye kukukera kwanza. Nikaona kwa kuwa chumba kinavunjwa, na sisi wawili tu tumo, basi leo nimalize.

"Kocha, sema kweli. Tulimlipa kupita kiasi, hatukumlipa?"

"Tulimlipa," akarudia. "Hiyo 'tu' yako ni nani? Wewe ulitoa nini, Akiba?"

Nikalivuta sanduku langu karibu.

"Nimepiga filimbi ile toka wewe hujafika Dubai," akasema, macho kwenye dari. "Wapishi, walinzi, madereva, nimewapigia wote. Watu wangapi walisimama?"

"Mmoja."

"Siku gani?"

"Siku mbaya, Kocha."

"Siku mbaya kwa sababu nilikosea mie. Yeye hakukosea." Akalisugua goti. "Nilifungwa mie siku ile. Mwambie Golikipa ukimwona."

Nimekaa naye miaka, nimemsikia akisema tumeshinda na mmefungwa, lakini hiyo "nilifungwa" ndiyo nilikuwa sijaisikia. Akaifungua chupa yake, harufu ya tangawizi ikajaa chumba kizima. Akajimiminia. Akanywa. Akaifunga.

Nikachukua sanduku langu, nikamuaga, nikaondoka. Nilikuwa nimeshavuka mlango, niko kwenye korido, niliposikia mluzi nyuma yangu, mfupi, wa mdomo, wa mtu asiye na filimbi.

Nikasimama. Wima, sanduku mkononi, nikageuka kumtazama, nikangoja kuambiwa.

"Rudisha mlango," Kocha akasema. "Baridi inatoka."